Njia za Miguu katika Bonde la Ojai
(Somo la Jiografia)

Wanafunzi wengi hudhani kwamba jiografia ni kukariri majina ya mito na miji mikuu. Sivyo. Jiografia hasa ni kuuliza kwa nini mahali pamekuwa kama palivyo, na mwalimu mzuri wa jambo hilo ni njia ya miguu. Atembeaye huona mawe, udongo, miti na maji. Apitaye kwa motokaa huona vumbi tu.

Somo letu safari hii ni bonde moja dogo katika jimbo la California, nchi ya Marekani. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, mtu akitembea huko kwa siku moja hupita katika msitu wa mialoni, kisha katika vichaka, kisha kwenye miamba mitupu, na mwisho huiona bahari kwa mbali. Pili, katika miaka ya 2017 na 2018 yalitokea katika milima ile mambo mawili, moja la moto na la pili la maji, na yote mawili yanatuhusu sisi tukaao karibu na milima.

Chukueni ramani zenu, tuanze.

MAHALI PENYEWE

Tafuteni mji wa Los Angeles, kisha fuateni pwani kuelekea kaskazini-magharibi mpaka mji wa Ventura. Kutoka hapo uende bara kwa kufuata Mto Ventura, karibu maili 13 hivi, utafika Ojai. Jina hili hutamkwa ‘Ohai’. Limetoka katika lugha ya Wachumash, wenyeji wa kwanza wa nchi ile, na kwao neno lenyewe lina maana ya mwezi. Mji mdogo ulio bondeni uliitwa Nordhoff kwanza, kwa heshima ya mwandishi mmoja. Lakini mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, watu hawakupenda tena jina lenye sauti ya Kijerumani, wakalibadili.

Safu nyingi za milima ya California hufuata pwani, kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Milima ya Ojai haikufanya hivyo. Imelala kutoka mashariki kwenda magharibi, kana kwamba mtu aliishika akaigeuza. Na kweli iligeuzwa. Karibu na hapo upo ufa mkubwa wa ardhi uitwao San Andreas, nao umepinda. Vipande vya nchi vilivyosukumana kwenye pindo hilo viligeuka na kuinuka. Mawe ya juu kabisa ni mawe ya mchanga yaliyofanyika zamani sana chini ya bahari. Basi mtu apandaye mlima huko hukanyaga sakafu ya bahari ya kale.

Upande wa kaskazini husimama milima ya Topatopa, yenye kimo cha zaidi ya futi 6,000. Upande wa kusini ni mlima mrefu wenye mgongo wa mviringo, uitwao Sulphur. Kwa kuwa bonde limefunguka upande wa magharibi, jua linapokuchwa miale yake hupita bonde zima na kuyapiga majabali ya Topatopa, yakawa mekundu kwa dakika chache. Wenyeji wengi huacha kazi zao wakatoka nje kutazama.

MVUA, JUA NA UPEPO

Hapa Uganda tumezoea mvua mara mbili kwa mwaka. Ojai ina masika moja tu, nayo ni wakati wa baridi, kutoka Novemba mpaka Aprili hivi. Mawingu hutoka Bahari ya Pasifiki, yakakutana na milima, yakapanda. Hewa ipandayo hupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kushika mvuke wote. Kwa hiyo mvua huwa nyingi milimani kuliko bondeni. Kisha huja miezi mitano au sita isiyo na mvua hata kidogo, majani yakakauka yakawa rangi ya dhahabu.

Sasa tazameni jambo moja ambalo sisi wa ikweta ni rahisi kulisahau. Kwetu jua huwa upande wa kaskazini miezi kadhaa, na upande wa kusini miezi mingine, kwa hiyo pande zote mbili za kilima hupata zamu yake. Ojai iko digrii 34 kaskazini ya ikweta. Huko jua la adhuhuri huwa upande wa kusini mwaka mzima. Miteremko inayotazama kusini huchomwa na jua, nayo imeota vichaka vifupi vyenye majani magumu. Miteremko inayotazama kaskazini, kama ubavu wa Mlima Sulphur, hupata kivuli na kuhifadhi unyevu. Huko ndiko ilikosimama mialoni. Mtu akisimama katikati ya bonde na kutazama huku na huku, huona nchi mbili tofauti, na tofauti yenyewe imefanywa na jua tu.

Jambo la tatu ni upepo. Wakati wa vuli na mwanzo wa baridi huvuma upepo kutoka majangwa ya bara kwenda baharini. Watu wa kusini ya California huuita Santa Ana. Hewa yake ni kavu tangu mwanzo. Inaposhuka kutoka nyanda za juu hubanwa, na hewa iliyobanwa hupata joto, karibu digrii 3 za Sentigredi kwa kila futi 1,000. Hivyo hufika chini ikiwa ya moto na kavu zaidi, wakati ambapo majani hayajaonja mvua kwa nusu mwaka. Likumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

MWALONI

Mwaloni mnaujua kwa jina kutoka vitabu vya dini na hadithi za Ulaya. Ojai iko aina zaidi ya moja. Mmoja hupukutisha majani yake kila mwaka wakati wa baridi, nao hupenda udongo wa kina ulio bondeni. Mwingine, mwaloni wa pwani, huwa na majani mabichi mwaka wote. Jani lake ni dogo, gumu, limepinda kama mtumbwi uliofudikizwa, na pembeni lina miiba midogo. Umbo hilo lina kazi: huzuia maji yasitoke upesi jua linapokuwa kali. Gome lake ni nene, nalo ndilo ngao yake moto ujapo.

Matunda ya mwaloni ni kokwa ndefu zilizovaa kikofia upande mmoja. Wanyama wengi huzila. Yuko ndege mmoja wa jamii ya kigong'ota ambaye hutoboa matundu mamia kwa maelfu katika mti mmoja na kupachika kokwa moja katika kila tundu, kama mkulima ajazaye ghala. Ndege mwingine, wa rangi ya samawati, hufukia kokwa ardhini, na zile anazozisahau huota. Basi mwaloni mzee ambao watalii wanapumzika kivulini mwake pengine ulipandwa na ndege msahaulifu.

Mwaloni hukua polepole, na mti mkubwa una umri wa miaka mia mbili na zaidi. Kwa sababu hiyo sheria za wilaya ya Ventura hazimruhusu mtu kuukata ovyo. Hata ukiwa katika shamba lake mwenyewe, yampasa aombe kibali kwanza.

WENYEJI WA KWANZA

Wachumash hawakulima nafaka. Chakula chao kikubwa kilikuwa kokwa za mwaloni. Lakini kokwa hizi zina ukali unaokausha kinywa, huwezi kuzila hivi hivi. Waliziokota wakati wa vuli, wakazianika, wakazibambua, wakazitwanga katika vinu vya mawe, kisha wakaumwagia unga maji mara nyingi mpaka ukali wote ukaisha. Ndipo wakapika uji. Sisi tunaojua kuitengeneza mihogo michungu kabla ya kuila tutaifahamu kazi hiyo mara moja.

Wale wa pwani walijenga mashua za mbao zilizoshonwa kwa kamba, na kuziba matundu kwa lami itokayo ardhini yenyewe katika nchi ile. Wazee wetu wa Lamu nao walishona mitepe kwa kamba za nazi. Mataifa mawili yasiyojuana, kila moja kando ya bahari yake, yaliona shida moja na kupata dawa moja.

Watu wa bondeni na watu wa pwani walifanya biashara, na njia zao zilifuata mito na migongo ya milima. Mwaka 1782 wamisionari Wahispania walianzisha kituo cha San Buenaventura, mahali ulipo mji wa Ventura leo. Magonjwa mageni yakaingia, Wachumash wengi sana wakafa, na nchi ikapita mikononi mwa wengine. Lakini hawakwisha. Wazao wao wapo hata leo, na baadhi yao wamejitia katika kazi ya kuifufua lugha yao.

NJIA TATU

Njia za miguu za Ojai ni nyingi. Tutatazama tatu, kuanzia nyepesi.

Ya kwanza ni ile ya reli ya zamani. Mwaka 1898 treni ilianza kwenda kati ya Ventura na Ojai. Siku hizi hakuna treni, reli imeng'olewa, na mahali pake ni njia ya maili 9 hivi kwa wenye miguu, baiskeli na farasi. Kwa kuwa treni haiwezi kupanda mlima mkali, njia hii haichoshi. Hata mzee au mtoto aweza kuifuata kando ya mialoni na mto.

Ya pili huitwa Shelf, maana yake rafu, kwa sababu imechongwa ubavuni mwa mlima juu kidogo ya mji. Urefu wake haufiki maili 2. Chini yako unaona mashamba ya michungwa na miparachichi, na mbele yako Mlima Sulphur. Hapa ndipo mtu aonapo vizuri tofauti ya pande mbili za bonde tuliyoitaja.

Ya tatu ni ya wenye nguvu. Huitwa Gridley. Huanza kati ya mashamba ya matunda, hufuata korongo lenye kivuli, kisha huingia katika vichaka na kupanda mpaka ukingo wa Nordhoff. Kutoka chini mpaka kilele cha Nordhoff ni maili 6 hivi, na kupanda ni karibu futi 3,500, maana kilele kina kimo cha futi 4,485. Juu yake umesimama mnara wa chuma wa zamani, ambamo mlinzi alikaa kuangalia moshi wa moto wa msituni. Siku isiyo na ukungu unaona bahari na visiwa vyake upande mmoja, na milima isiyo na mwisho upande wa pili. Huko nyuma ni Msitu wa Taifa wa Los Padres, makao ya dubu weusi na puma. Pia ni nchi ya kondori, ndege mkubwa wa jamii ya tumbusi. Mwaka 1987 kondori wote waliosalia duniani walikuwa 27 tu, nao wakakamatwa ili wazaliane chini ya ulinzi. Tangu mwaka 1992 wamekuwa wakirudishwa porini.

JINSI NJIA INAVYOJENGWA

Watu hupita njiani bila kufikiri kwamba mtu aliijenga. Adui wa njia ya mlimani si miguu, ni maji. Njia ikishuka moja kwa moja, maji ya mvua huifanya mfereji, na baada ya miaka michache huwa korongo.

Kwa hiyo wajenzi hufuata kanuni tatu. Ya kwanza: njia ikate ubavu wa mlima, na mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa mlima wenyewe. Ya pili: uso wa njia uinamie kidogo upande wa bonde, ili maji yavuke njia na kwenda zake, yasiifuate. Ya tatu: mahali pakali sana njia ipinde huku na huku kama nyoka, na kwenye kila pindo pawekwe mawe imara.

Sasa fikirini juu ya yule kijana mwenye haraka ambaye, badala ya kuzunguka pindo, hukata moja kwa moja. Amepunguza hatua 30. Lakini wa pili akimfuata, na wa tatu, majani hufa, mstari wa udongo mtupu hutokea, na mvua ya kwanza huufuata mstari huo. Hatua 30 za mvivu mmoja zaweza kuharibu kazi ya mwezi mzima. Na wafanyao kazi hiyo, huko Ojai, wengi si watu wa mshahara. Ni watu wa kujitolea wanaokwenda siku za mapumziko na majembe na misumeno yao.

MOTO NA MAJI

Moto si mgeni katika milima ile. Mwaka 1932 moto ulioitwa Matilija uliteketeza ekari 220,000. Mwaka 1985 ulikuja mwingine. Vichaka vya huko vimezoea: baadhi huchipuka tena kutoka mizizini, na vingine mbegu zao huamshwa na joto au moshi. Taabu ni moto kurudi upesi mno, kabla mimea michanga haijapata kuzaa mbegu. Hapo vichaka hupotea na majani makavu huchukua mahali pao, nayo huwaka upesi zaidi.

Jioni ya tarehe 4 Desemba, 2017, upepo wa Santa Ana ulivuma kwa nguvu, na mvua za baridi zilikuwa zimechelewa. Nyaya za umeme ziligongana, cheche zikaanguka. Moto ulianza karibu na Chuo cha Thomas Aquinas, ndiyo maana ukaitwa Moto wa Thomas. Katika usiku mmoja ulifika mjini Ventura. Siku zilizofuata uliuzunguka Ojai pande zote. Watu walihama, na wazimamoto wakauokoa mji wenyewe. Ulipodhibitiwa wote, tarehe 12 Januari, 2018, ulikuwa umekula ekari 281,893 na majengo zaidi ya 1,000. Watu 2 walikufa, mmoja wao mzimamoto. Mpaka wakati ule California haikuwa na kumbukumbu ya moto mkubwa kuliko huo, ingawa mwaka huo huo wa 2018 ulikuja mwingine ukaupita.

Moto ulikuwa haujazimika kabisa mvua iliponyesha. Vichaka vile vina mafuta. Vikiungua, mvuke wa mafuta huingia ardhini na kuganda kama nta, na udongo hukataa maji. Alfajiri ya tarehe 9 Januari, 2018, juu ya mji wa Montecito, magharibi ya Ojai, ilianguka mvua ya zaidi ya nusu inchi katika dakika 5. Maji hayakupata pa kuingia. Yalishuka na tope, magogo, na mawe makubwa kama motokaa, yakapita katikati ya nyumba. Watu 23 walipoteza maisha.

Sisi hatuna haja ya kuambiwa udongo waweza kufanya nini. Tarehe 1 Machi, 2010, mlima uliporomoka Bududa, kwenye miteremko ya Elgon, ukafunika vijiji. Sababu hazikuwa sawa: kule moto uliufanya udongo ukatae maji, na huku udongo ulikunywa maji mengi mpaka ukalemewa. Lakini somo ni moja. Mizizi ndiyo kamba ifungayo mlima. Ikikatwa au ikiungua, mlima hubaki ukingojea mvua.

Na mialoni? Mingi ilisimama imekuwa myeusi kama mkaa, watu wakaidhania imekufa. Lakini gome lile nene lilikuwa limefanya kazi yake, na mwaloni wa pwani ulioungua huchipuka tena kutoka shinani na matawini. Waliojua jambo hilo waliwazuia majirani wasiikate upesi. Njia zilizofungwa zilisafishwa na kufunguliwa moja moja. Januari 2023 mvua kubwa zikaja tena, zikabomoa, na watu wakachukua majembe tena.

DESTURI ZA MTEMBEAJI

Haya ndiyo wafundishwayo vijana wa huko, na mengi yatufaa sisi pia tupandapo Elgon au Rwenzori.

1. Hesabu wakati kabla ya kuondoka. Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni mwaka 1892: saa moja kwa kila maili 3, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda.

2. Nusu ya maji yako ikiisha, rudi, hata kama kilele kiko karibu.

3. Usitie mkono mahali ambapo macho hayajatangulia. Nyoka wa huko ana njuga mkiani, naye huonya. Wa kwetu wengi hawaonyi.

4. Ukikutana na puma usikimbie. Simama, jifanye mkubwa, rudi nyuma polepole.

5. Uko mmea wenye vijani vitatu vitatu ambao ukiugusa ngozi hutoka malengelenge. Jifunze mimea mibaya ya mahali unapokwenda.

6. Usikate pindo la njia. Usiwashe moto wakati wa kiangazi.

Wenzetu mliokwisha kumaliza shule, wengine mmekuwa walimu, wengine wakulima, wengine mabwana miti au wasimamizi wa barabara. Njia za vilima vyetu ziko mikononi mwenu sasa. Mkipita mahali ambapo mvua imeanza kuchimba, msiseme serikali itakuja. Jiwe moja likiwekwa leo huzuia korongo la mwakani.

MASWALI

1. Kwa nini mialoni ya Ojai ni mingi kwenye miteremko inayotazama kaskazini? Je, kilima kilicho karibu na shule yetu kina tofauti kama hiyo? Nenda ukatazame.

2. Hewa ikishuka futi 4,000 joto lake huongezeka digrii ngapi za Sentigredi?

3. Njia ya Gridley hupanda futi 3,500 katika maili 6. Kwa kila futi 100 mtu hupanda futi ngapi? (Maili moja ni futi 5,280.)

4. Kwa kanuni ya Naismith, safari hiyo ya kupanda itachukua saa ngapi?

5. Bwawa la Matilija, katika milima hiyo hiyo, lilijengwa mwaka 1947 ili kuhifadhi maji. Leo karibu lote limejaa mchanga na udongo. Eleza udongo huo umetoka wapi, na kwa nini mjenzi wa bwawa yampasa autazame mlima kabla ya kuutazama mto.